Kilometa 950 Gawanya kwa Saa 16

Mimi ni dereva wa basi la abiria, mkazi wa Songea, na njia yangu ni Songea–Dar es Salaam. Nimeamua kutoa ushuhuda huu kwa sababu kuna hesabu moja ya shule ya msingi iliyobadilisha kazi yangu, afya yangu na hata usingizi wa familia yangu, na kukaa nayo kimya naona ni kuwanyima wenzangu. Hesabu yenyewe si ngeni kwa yeyote aliyefika darasa la saba: chukua umbali wote, gawanya kwa muda wote, unapata mwendokasi wa wastani. Darasani tuliifanya kwa mifano ya baiskeli iliyotoka kijiji A kwenda kijiji B. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja baadhi yetu tutashika usukani tukiwa na watu zaidi ya hamsini nyuma yetu, na kwamba hesabu hiyohiyo ndiyo ingetufundisha mguu ukae vipi kwenye pedeli ya mafuta.

Kazi ya barabara niliianza chini, nikiwa utingo wa lori kwenye njia ya Tunduru kabla lami haijafika. Kutoka Songea kupitia Namtumbo hadi Tunduru ni kama kilometa 265. Kiangazi tuliondoka alfajiri tukaingia Tunduru usiku, saa 13 njiani, na hapo tunamshukuru Mungu. Ukigawanya unapata kama kilometa 20 kwa saa. Masika hapakuwa na cha kugawanya: magari yalizama kwenye tope na watu wakapika kando ya barabara. Sisi wa njia ile hatukuulizana mmekimbiaje. Tuliulizana mmelala wapi. Leo njia hiyo ni lami, ukitembea kwa utulivu unaimaliza kwa saa nne, na wastani wako umepita 60. Kilichobadilika ni barabara. Madereva ni walewale. Nalitaja hili mapema kwa sababu mwendo wa safari hauamuliwi na dereva peke yake, na mimi nilichelewa kulielewa hilo ingawa nililiishi.

Nilipohamia mabasi nikaingia njia ya Makambako. Barabara hiyo ilitiwa lami miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, na kwa wazee wetu wa Ruvuma ilikuwa ukombozi wa kweli. Huko nikarithi imani ya kazi: dereva mzuri ni anayewahi. Abiria wenyewe wanaitukuza. Utamsikia mtu stendi akisema basi fulani ni la mbio, limemwingiza Dar saa mbili usiku, na wengine wanamfuata kwenye dirisha la tiketi. Mkipitwa njiani, nyuma wanapiga kelele, "Dereva, wenzetu wanatupita!" Isitoshe, kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kutembea usiku wa manane. Ukichelewa, zuio lilikukuta Morogoro au kabla ya hapo, abiria wanalala kwenye viti na lawama zote ni zako. Zuio hilo liliondolewa 2023: Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangaza bungeni mwezi Juni, na kuanzia Oktoba mabasi yakaruhusiwa kutembea saa 24. Lakini mazoea ya kukimbizana na saa hayakuondoka kwa tangazo. Mguu uliozoea kukanyaga uliendelea kukanyaga.

Aliyenirudisha darasani ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mzee wa hapahapa Songea, aliyekuwa akienda Dar kwa mwanawe. Alikaa siti ya mbele, upande wa mlango. Tulipotoka stendi ya Shule ya Tanga, hapa Songea, saa 11 alfajiri nilimwona ana daftari jipya la shule magotini na kalamu imefungwa kwa uzi, saa ya mkononi ameivua ameilaza juu ya daftari. Kila tukisimama anaandika. Tukiondoka anaandika tena. Kwenye nguzo za kilometa anainua kichwa, anasoma, anainama. Konda wangu aliingiwa na wasiwasi, akanong'ona kwamba huyu mzee huenda katumwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa mabasi. Mimi nikasema mwache, kila mtu na mambo yake.

Tulipofika stendi ya Magufuli pale Mbezi ilikuwa saa 3 usiku. Mzee alishuka wa mwisho. Alichana ukurasa mmoja taratibu, akanipa, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo safari yako ya leo. Isome ukipata nafasi. Namba yangu ya simu iko chini."

Ukurasa ule ninao hadi leo, nimeupiga lamineti. Una safu mbili. Ya kwanza ameiandika "Tunatembea", ya pili "Tumesimama". Chini ya safu ya pili zimepangwa: Madaba, Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, chakula, Mikumi, Morogoro, mizani, askari, kuchimba dawa mara mbili. Kila mstari una dakika zake. Chakula, ambacho konda alitangaza dakika 20, kimeandikwa 35. Kisha jumla. Kilometa 950, saa 16, wastani 59. Tumesimama saa 3. Tumetembea saa 13, wastani wa kutembea 73. Na pembeni, kwa wino mwekundu, kama anavyosahihisha madaftari: "Njombe–Makambako, kilometa 60, dakika 40. Ungekwenda 80 kwa saa ungetumia dakika 45. Umeokoa dakika 5. Stendi ya Makambako tumesimama dakika 25."

Nilisoma mstari ule zaidi ya mara moja. Kipande kile cha Njombe–Makambako naukumbuka mkao wangu: mabega juu, macho kwenye kioo kumwangalia mwenzangu aliyetaka kunipita, mkono kwenye honi. Nguvu yote ile ilizaa dakika 5. Makambako konda akamtafuta abiria aliyeshuka kununua maji, abiria mwingine akadai begi lake liko chini ya magunia, na dakika 5 zikaliwa zote, na nyingine 20 juu yake.

Usiku ule, nyumba ya wageni, konda na mimi tulianza kuzihakiki namba za mzee kwa simu. Konda amemaliza kidato cha nne, akasema mzee kakosea. Kutoka Songea hadi Makambako ni kilometa 295, tumetumia saa 5 na dakika 20, na mzee kaandika 55. Konda alibonyeza 295 gawanya kwa 5.20 akapata karibu 57. Tukabishana mpaka tukaamua kumpigia asubuhi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba dereva. Umeamkaje?"

Nikamweleza ubishi wetu. Alicheka kwa furaha, nadhani ya kusikia kuna watu bado wanahesabu. Akasema saa haina dakika mia, ina dakika 60. Dakika 20 ni theluthi moja ya saa, kwa hiyo si 5.20, ni 5 na theluthi. Kama theluthi inawasumbua, geuzeni kila kitu kuwa dakika: saa 5 mara 60 ni 300, jumlisha 20, ni dakika 320. Gawanyeni 295 kwa 320, kisha zidisheni kwa 60. Tulifanya hivyo, ikaja 55 na kidogo. Akatuonya jambo jingine linalowapoteza wengi kwa saa zetu za Kiswahili: ukiondoka saa 11 alfajiri ukafika saa 3 usiku, huwezi kutoa 11 kwenye 3. Hesabu kwa vituo. Saa 11 hadi 12 asubuhi, moja. Saa 12 asubuhi hadi 12 jioni, kumi na mbili. Saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, tatu. Jumla 16. Tangu siku hiyo sijakosea saa za safari.

Somo lililonigeuza kabisa alinipa aliporudi Songea. Nilimfuata nyumbani kwake, tukakaa barazani, mkewe akatuletea togwa. Mzee akaniuliza swali ambalo sasa namwuliza kila dereva kijana. Umepanda milima ya Lukumburu nyuma ya lori la makaa ya mawe, kona kwa kona, huwezi kupita. Kilometa 20 umezitembea kwa mwendo wa 30 kwa saa. Mbele barabara imefunguka, unataka kufidia, kilometa 20 zinazofuata unakimbia 90. Wastani wako ni ngapi?

Nilijibu palepale: 60. Tatu na tisa ni kumi na mbili, nusu yake sita. Karibu kila ninayemwuliza anajibu hivyo.

"Tuhesabu muda," akasema. Kilometa 20 kwa mwendo wa 30 ni dakika 40. Kilometa 20 kwa mwendo wa 90 ni dakika 13 na sekunde 20. Jumla ya umbali ni 40, jumla ya muda ni dakika 53 na sekunde 20. Gawanya. Wastani ni 45.

Nilibisha. Akanyamaza kidogo, akaniuliza tena: kilometa 20 za mwanzo umetumia dakika 40. Sasa tuseme Mungu amekupa muujiza, zile 20 za pili umezivuka bila kutumia hata sekunde moja. Wastani wako utakuwa ngapi? Nikahesabu mwenyewe kwenye daftari: kilometa 40 kwa dakika 40. Sitini. Yaani hiyo 60 niliyoitaja kwa ujasiri, ili niipate baada ya Lukumburu, ningehitaji kuruka kilometa 20 kwa muda sifuri. Basi gani hilo?

Hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yangu, na nashukuru kilivunjika. Maana nilikuwa nimeijenga kazi yangu yote juu ya neno kufidia. Ukichelewa mlimani, fidia tambarare. Ukikamatwa na mizani, fidia Mafinga. Mzee alinionyesha kwamba muda uliokwenda kwa mwendo mdogo ni mwingi mno kurudishwa kwa mwendo mkubwa, kwa sababu kwenye mwendo mdogo ndiko tunakokaa kwa muda mrefu. Wastani unapimwa kwa saa tulizokaa barabarani, na saa hizo nyingi zinaliwa mlimani na stendi. Mshale wa spidi kwenye dashibodi unaonyesha dakika hii tu.

Alinionyesha pia kwa nini kukanyaga zaidi kunalipa kidogo zaidi. Chukua zile kilometa 60 za Njombe–Makambako. Ukienda 60 kwa saa utatumia dakika 60. Ukienda 80, dakika 45: umeokoa 15. Ukipanda hadi 100, dakika 36: umeokoa 9 tu, ingawa umeongeza 20 zilezile. Ukifika 120, dakika 30: umeokoa 6. Ni kama duka ambalo kila unavyonunua zaidi ndivyo mwenye duka anavyokupunguzia kipimo na kukupandishia bei. Na bei yenyewe inalipwa kwa nini? Kwenye 80 basi linakula karibu mita 22 kila sekunde. Kwenye 120 linakula mita 33. Mtoto akikatiza mahali popote penye nyumba kando ya lami, sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujagusa breki imekwishakula mita hizo. Kisha nguvu ya kusimamisha basi haiongezeki kwa nusu, inaongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa inafuata mraba wa mwendo: 120 ni mara moja na nusu ya 80, na moja na nusu mara moja na nusu ni 2.25. Haya yote kwa dakika 15 za kilometa 60, dakika ambazo chakula cha mchana kinazimeza bila mtu kugundua.

Sisemi haya kwa kusoma peke yake. Nina miaka mingi kwenye njia hii na nimepita kwenye ajali mbichi ambazo sitazieleza hapa. Ukomo wa basi letu kisheria ni 80 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 kwenye makazi ya watu. Zamani niliziona namba hizo ni za kunibana. Siku hizi naziona ni za mtu aliyefanya hesabu.

Basi tulianza kubadilika, konda na mimi. Tuliacha kutafuta dakika kwenye pedeli, tukaenda kuzitafuta kwenye safu ya pili ya ukurasa wa mzee. Mafuta tunajaza jioni kabla ya safari. Mizigo ya anayeshuka Dar inatangulia ndani ya buti, ya Makambako inakaa mlangoni, kwa hiyo hakuna tena kufukua magunia kutafuta begi. Konda anawapigia simu abiria wa njiani tukiwa bado kilometa 10, wanatukuta wamesimama na nauli mkononi. Chakula ni dakika 20, na konda anaanza kuhesabu watu dakika ya 17. Kuchimba dawa tunasimama mahali penye choo, mara moja kwa wote, badala ya kila mwenye haja kusimamisha basi kwa wakati wake. Haya ni mambo madogo na yanachosha konda zaidi ya dereva, na konda wangu anastahili heshima yake kwa sababu yeye ndiye aliyeyashika.

Siku zinapokwenda vizuri, kusimama kumeshuka kutoka saa 3 hadi kama saa 2. Kutembea tunatembea kama saa 13 zilezile, sasa kwa mwendo wa kuheshimu sheria. Safari imekuwa saa 15, na 950 gawanya kwa 15 ni 63. Sasa angalia upande wa pili. Dereva anayesimama saa 3 kama zamani, naye akataka kufika kwa saa 15, amebakiwa na saa 12 za kutembea. Gawanya 950 kwa 12 unapata 79. Ili apate wastani huo wa kutembea inabidi aende 79 kila mahali: Lukumburu 79, mlima Kitonga 79, zile kilometa 50 za hifadhi ya Mikumi ambako vibao vimeorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, na kwenye kila kijiji chenye kibao cha 50. Hawezi. Kwa hiyo atakwenda 110 na 120 kila anapoona tambarare, na bado atachelewa. Sisi tunamkuta Makambako au Morogoro, injini inanguruma, konda wake anaita abiria. Kijana aliyetupita Mafinga kwa honi ndefu tunasimama naye stendi moja.

Tajiri wangu, mwenye basi, nilimpelekea daftari la miezi kadhaa, maana siku hizi daftari ni letu, linakaa karibu na usukani. Niliogopa atasema nimegeuka mwalimu. Yeye aliangalia kwanza matumizi ya dizeli na matairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tuendelee, na madereva wake wengine tuwaonyeshe. Tajiri anayejua kugawanya ni rafiki wa dereva. Anayemwuliza dereva kwa simu "uko wapi?" bila kuuliza amesimama mara ngapi anamsukuma mtu kwenye hatari asiyoiona.

Kuna jambo nalazimika kulisema kwa haki, kwa sababu nimewasikia vijana wakilitumia vibaya. Wastani mzuri hauthibitishi kwamba dereva ameendesha vizuri. Wastani unaficha. Chukua mfano wa mbio: mwezi Septemba 2025 tulimshangilia Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakitenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Kilometa 42.195 kwa muda huo ni wastani wa 19.5 kwa saa kwa wote wawili. Namba hiyo haikuambii kwamba Petros aliingia uwanjani akiwa mbele na Simbu akamkuta kwenye mstari. Vivyo hivyo dereva anaweza kusimama saa nzima kwa chakula, akakimbia kama mwehu mchana kutwa, na wastani wake ukasomeka 59, namba ya mtu mstaarabu.

Ndiyo maana napingana na wenzangu wanaochukia kifaa cha VTS, cha kufuatilia mwendo wa gari, tulichofungiwa kwenye mabasi. Kifaa kinaona mwendo wa dakika ile, daftari linaona safari nzima, na vyote viwili vinahitajika. Tochi ya trafiki peke yake tumeizoea: anayetoka mbele anakuwashia taa, unashusha mguu, unapita kwa askari kwa 50 kama mtakatifu, ukishampita unakanyaga tena. Nimesoma kwamba huko Scotland, kwenye barabara ya A9 kati ya Dunblane na Inverness, tangu 2014 wamefunga kamera zinazofanya hesabu ileile ya mzee wangu. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari na saa, ya mbele yake inasoma tena, kompyuta inagawanya umbali kwa muda. Ukifika mapema kuliko inavyowezekana kisheria umejishtaki mwenyewe, hata kama mbele ya kila kamera ulipunguza. Ningependa siku moja nione kitu kama hicho Mikumi na Kitonga. Askari asingehitaji kujificha kwenye kichaka na dereva asingehitaji kuwashiwa taa.

Na mimi mwenyewe? Maumivu ya mabega yaliyokuwa yakinisumbua yamepungua. Nikifika Mbezi naweza kula na kulala. Zamani nilikuwa nalala macho yamebaki barabarani. Mke wangu alikuwa anapiga simu kila kituo, sasa anapiga jioni mara moja, kwa sababu nimemwachia nakala ya ratiba yetu na anajua saa ngapi tuko Iringa. Binti yangu wa darasa la sita alipoletewa hesabu za mwendokasi shuleni tulikaa naye mezani, nikaziacha baiskeli za kijiji A na kijiji B, nikampa Lukumburu. Alijibu 60. Nikamwambia tuhesabu muda.

Vijana wengi pale Shule ya Tanga wananiuliza kama abiria hawalalamiki nikipitwa. Wanalalamika, hasa saa za kwanza. Siku hizi konda anasimama mapema, baada tu ya kutoka mjini, anawatangazia muda wa kufika kila mji na muda wa kila kituo, anawaomba wamsaidie kuulinda. Abiria aliyeambiwa saa ya kufika Njombe anaacha kuangalia nani katupita, anaangalia saa yake. Tukifika ndani ya muda hasemi kitu tena mpaka Dar. Na anayechelewa kurudi kwenye basi wakati wa chakula anazomewa na abiria wenzake.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, nakuomba jambo moja unapokata tiketi. Uliza basi linaondoka saa ngapi na linaahidi kufika saa ngapi, hesabu saa kwa vituo kama nilivyofundishwa, kisha gawanya. Songea hadi Dar ni kilometa 950. Ukiahidiwa saa 15 au 16, panda kwa amani. Ukiahidiwa saa 11, gawanya 950 kwa 11: ni 86. Basi la abiria haliruhusiwi kuvuka 80 hata kwenye tambarare tupu, na hapo hujala, hujachimba dawa wala hujashuka Kitonga. Tiketi hiyo irudishe, dai nauli yako, utafute basi jingine.